Myriam wa Kambove

Kwa miaka sita hakuna aliyemwita Myriam. Mtaani kwao Katuba, Lubumbashi, alikuwa mama Guelord, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kwa wakwe zake alikuwa bibi ya Casimir, yaani mke wake. Na mama mkwe wake, mama Jeanne, ambaye kiharusi kilimwachia nusu ya mdomo tu, alimwita "weye", na neno hilo moja lilifanya kazi zote: weye maji, weye unigeuze, weye unachelewa. Kwa hiyo Jumanne ile, simu ilipolia na sauti ya msichana ikauliza kama huyo ni Madame Myriam Umba Kabamba, nusura ajibu kwamba wamekosea namba.

Hawakukosea. Ilikuwa kampuni ya shaba iliyofungua maabara mpya upande wa Luano, njia ya kwenda uwanja wa ndege. Mwezi wa tano alikuwa amepeleka dosie yake ya kopi za zamani pale kimyakimya, akamkabidhi mlinzi getini, akarudi nyumbani akijiambia kwamba karatasi zile zitafungiwa karanga. Sasa walikuwa wanamwita kwenye usaili, Ijumaa, saa tatu asubuhi. Alete karatasi zenyewe, si kopi: diploma, kadi ya mchaguzi na cheti cha kazi ya zamani. Myriam aliitikia mara tatu, akakata simu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda alichofia mama Jeanne mwezi wa pili, akacheka peke yake mpaka akafuta machozi.

Lazima tuseme jinsi alivyoacha kazi, maana hakuacha. Aliachishwa kwa kikao. Alikuwa ametumika miaka saba katika maabara ya mgodi, akipima shaba iliyomo ndani ya mawe, na wakubwa wake walikuwa wanalala usingizi akiwa zamu. Mama Jeanne alipoanguka, Casimir na kaka zake walikutana sebuleni, wakaketi kwenye viti, wakala kuku ambaye Myriam mwenyewe alimchinja na kumpika, kisha wakaamua. Nesi wa kulipwa walimkataa. Mgeni hawezi kumwosha mama yetu, walisema, na wakamchagua yule mmoja ndani ya chumba kile ambaye mama yao hakumzaa. Binti wa pekee wa mama Jeanne, Keren, hakutajwa hata kidogo, kwa sababu Keren alikuwa bado anatafuta maisha. "Itakuwa miezi tatu tu," Casimir alisema. Miezi mitatu ya Casimir ilizaa miaka sita.

Basi maandalizi yakaanza siku ileile, kwa Rehema. Rehema ni jirani, ukuta kwa ukuta, mshonaji, mtoto wa Waislamu waliotoka Maniema zamani za babu zao, na ulimi wake una ncha kuliko sindano zake. Myriam alimpelekea suti ya kijivu ya mwaka ule aliokuwa bado ana mshahara. Rehema akaiinua, akamtazama Myriam, akaitazama tena suti.

"Hii suti inatafuta mutoto wake," alisema. "Vua, nifungue huku mbavuni. Kuko kitambaa kidogo kilibakia ndani."

Alipokuwa anafumua mishono, akajifanya bosi. Akakunja uso, akavuta sauti puani kama wanavyofanya watu wa ofisini.

"Madame, mu miaka sita ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakaa tu ku nyumba."

Rehema akatoa pini mdomoni. "Ulikuwa unakaa? Na ule muntu alikuwa anabeba mama wa kilo makumi nane kila asubui, kumupeleka ku douche, kumuosha, kumurudisha, ni nani? Mi nilikuwa namuona hapa nyuma ya ukuta. Kama ni shetani, uniambie, nihame."

Myriam alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Nakaa tu. Ndivyo alivyowajibu watu wote kwa miaka sita, sokoni, kanisani, kwenye misiba, na hakuna aliyewahi kumkatalia. Alihisi kitu kimepanda kifuani, kikakaa pale. Alilijua jina lake. Ilikuwa hasira, na haikuwa ya siku ile.

Usiku huo na kesho yake asubuhi alirudia kazi. Vitabu hakuwa navyo tena, lakini alikuwa na sanduku la dawa za mama Jeanne. Alichukua sindano kubwa isiyo na ncha, ile aliyokuwa anamlishia uji. Alichukua kichupa cha iodini alichokuwa anapaka vidonda vya mgongoni. Akakoroga unga kidogo wa bukari, yaani wa ugali, katika maji ya moto, akachuja, akadondosha iodini, na maji yakageuka bluu nzito inayokaribia weusi. Kisha akasaga tembe ya vitamini, akaiyeyusha, akaivuta kwa sindano, akaanza kudondosha tone kwa tone huku anazungusha glasi kwa mkono wa kushoto. Tone la kumi na saba, rangi ikakatika ghafula, maji yakawa meupe. Akarudia. La kumi na saba. Akarudia tena akiwa amefumba jicho moja, kwa kujitafutia tu taabu. La kumi na saba.

Mkono haukuwa umesahau. Ulikuwa umemlisha mgonjwa kwa sindano mara tatu kwa siku, polepole, asije akapaliwa, na mtu aliyefanya hivyo miaka sita hawezi kumwaga tone moja la ziada. Na mchezo ule wa glasi hakuubuni juzi. Aliubuni kwa ajili ya Keren. Keren aliposhindwa mtihani wa serikali mara ya pili, alikuja kukaa nao miezi kadhaa, na Myriam, baada ya kumlaza mama wa Keren, alimketisha Keren mezani akamfundisha kemia yote kwa sindano, iodini na unga. Mtihani alishindwa mara ya tatu hata hivyo. Lakini kudondosha alijua.

Jumatano saa sita mchana Myriam alivuta sanduku la chuma kutoka chini ya kitanda ili atoe diploma yake. Ilikuwamo ndani ya plastiki yake, kati ya cheti cha ndoa na picha za ubatizo. Aliitoa ili aifute vumbi. Akapitisha kidole juu ya muhuri, na kidole hakikuhisi kitu. Muhuri wa diploma yake ulikuwa umegandamizwa, ulikuwa na mgongo. Baba yake, siku ile alipoipokea, aliushika kwa kidole gumba kama mtu anayepima kitambaa. Huu ulikuwa laini. Akageuza karatasi. Nyuma ilikuwa nyeupe, mpya, safi. Ilikuwa kopi ya rangi, nzuri sana, na mtu aliyeiweka pale alijua kwamba mwenye sanduku hana muda wa kuitazama karibu.

Casimir alirudi kutoka shule, ambako anafundisha jiografia, akamkuta amekaa na karatasi magotini. Chakula kilikuwa mezani tayari, bukari na sombe ya majani ya muhogo, kimefunikwa.

"Baba Guelord, diploma yangu iko wapi?"

"Haiko mu malle?"

"Mu malle muko photocopie."

Casimir alikwenda kunawa mikono, akainawa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Iko ku Kambove," akasema akiwa amempa mgongo. "Iko na Keren."

"Keren anafanya nayo nini?"

"Anatumika nayo. Mu labo."

Habari yote ilitoka vipande vipande, kama mwiba. Miaka miwili na ushee iliyopita palikuwa na nafasi ya mtaalamu wa maabara katika mgodi mmoja wa Kambove. Keren hakuwa na diploma. Ndani ya sanduku palikuwa na diploma isiyo na kazi. Kaka watu wakazungumza. Wakati wa kuandikisha wachaguzi Keren alikwenda Kambove, ambako hakuna aliyemjua, akasema anaitwa Myriam Umba Kabamba, akatoa mashahidi wawili, akapewa kadi yenye jina hilo na sura yake. Kazi akaipata. Ufunguo wa sanduku ulikuwa ukining'inia jikoni. Casimir aliuchukua asubuhi moja, saa ya kuoga, kwa hiyo wakati Myriam anamwosha mama yao chumba hiki, mumewe alikuwa anafungua sanduku chumba cha pili.

Mambo haya yanafanyika, tusijifanye hatujui. Diploma ya kaka inatumikiwa na mdogo wake, ya marehemu inatumikiwa na mpwa, na watu wanaita hiyo kusaidiana. Lakini marehemu hakasiriki.

"Haukuniomba," Myriam alisema.

"Ningekuomba vipi? Ulikuwa na mugonjwa. Na ile diploma ilikuwa inalala tu, mama Guelord. Mutoto alikuwa na njaa."

"Na miye nilikuwa nalala?"

"Sisemi vile. Sasa maji ilisha kumwangika, haiwezi kuzoleka. Ijumaa usiende. Ba Myriam babili wakionekana, batakamata Keren, batamupeleka ku parquet, bamushitaki." Alisita, kisha uso wake ukapata mwanga, na hapo ndipo alipoharibu kabisa. "Ao sikiliza. Ukiangalia muzuri, ni bahati. Wale ba patron batakuuliza: miaka sita, ulikuwa wapi? Sasa Myriam alikuwa ku Kambove, anatumika. Keren anaweza kuomba attestation de service, cheti ya kazi, leo leo. Jina iko yako. Ile shimo mu CV inafungwa. Nani atajua?"

Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Myriam alimtazama, na kwa mara ya kwanza katika ndoa ya miaka kumi na nne alitamani kumpiga kwa mwiko. Hakumpiga. Alinyanyua sahani ya bukari, akaweka juu yake bakuli la sombe, akatoka navyo mlangoni, akavuka ua, akavipeleka kwa Rehema. Walikula wote wawili, Rehema na yeye, bila kuacha tonge. Casimir siku hiyo alishinda na maji aliyonawia.

Alhamisi alfajiri, kwenye baridi ya mwezi wa sita inayokausha midomo, alipanda gari la abiria hadi Likasi, akabadilisha, akafika Kambove saa nne. Hakumwambia mumewe. Mgodi alioutafuta ulikuwa nyuma ya ukuta mrefu wenye vumbi jekundu, na getini alisimama mlinzi mwenye kofia ya sufu.

"Unatafuta nani, mama?"

"Natafuta Myriam Umba."

"Madame Myriam wa labo? Anatoka ku midi. Uko nani wake?"

 Umri wake wote Myriam hakuwahi kuulizwa swali gumu namna ile. Alisema ni ndugu, akaenda kusimama juani ng'ambo ya barabara, na kila dakika aliyosimama pale hasira yake iliongezeka uzito.

Keren alitoka saa sita. Alikuwa amenenepa kidogo, amependeza, amevaa koti la maabara na viatu vya usalama, na kifuani amening'iniza kitambulisho. Sura yake, jina la Myriam. Alipomwona wifi yake, mkono wake ulikimbilia kifuani kukifunika.

"Yaya," alisema, neno la kumwitia dada au kaka mkubwa, akimvuta pembeni. "Tafazali, usitaje jina hapa pa mulango."

"Jina gani?"

"Yako."

Walitembea hadi chumba cha Keren. Ndani mlikuwa na kitanda, runinga na picha ya mama Jeanne ukutani, picha ya kabla ya ugonjwa, amesimama mwenyewe kwa miguu yake. Watoto wawili wa Keren walikuwa shuleni. Nguo zao zilikuwa zimefuliwa na kukunjwa vizuri, na Myriam alichukia kuona kwamba zimekunjwa vizuri, kwa mtindo wake mwenyewe, mikono ndani. Hata hilo alijifunza kwake.

Keren alivuta bahasha kutoka chini ya godoro. Diploma ilikuwamo, na Myriam akapitisha kidole juu ya muhuri, akahisi mgongo wake. Nyuma yake palikuwa na karatasi nyingine, mpya, ya barua ya kampuni.

"Ni attestation," Keren alisema. "Yaya Casimir alinipigia simu jana. Niliomba bosi, akasaini asubui. Inasema Myriam anatumika hapa tangu mwaka elfu mbili makumi mbili na tatu, na kazi yake ni très satisfaisante, muzuri sana. Uchukue. Itakusaidia kesho."

Myriam aliipokea. Keren alidhani ni dalili njema, akaendelea, na sauti yake ikawa ya mtu anayestahili kushukuriwa.

"Jina yako nilikuchungia muzuri, yaya. Hata barua moya ya kulaumu hawajaiandikia. Bote hapa banaheshimia Myriam."

Kuna maneno ambayo mtu akiyasema hayarudi. Shukrani ya punda ni mateke, wahenga walisema, lakini punda walau hakuambii kwamba amekupiga kwa uangalifu.

"Mama yako alikuwa anauliza juu yako," Myriam alisema mwishowe. "Kila siku. Mbele ya sauti kupotea yote, alikuwa anasema: Keren atakuya lini?"

"Kazi ilikuwa inanikamata, yaya."

"Ndiyo. Kazi yangu."

Hapo Keren alilia, kilio cha kweli, na kati ya kwikwi akasema alilotaka kusema tangu getini. Kesho Myriam aonyeshe ile karatasi, au kama hataki, aseme tu alikuwa nyumbani. Lakini asimtaje. Ana watoto wawili. Akitajwa, kazi imekwenda, na yeye mwenyewe atakwenda nayo. Myriam alitia karatasi zote mbili mkobani, akafunga zipu, akatoka. Hakuahidi kitu, wala hakutisha.

Njiani kurudi alipiga mahesabu ya moyo, na tusimfanye mtakatifu: aliifikiria ile karatasi. Alipofika Likasi aliitoa na kuisoma. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa herufi nene, katikati, na maneno mazuri chini yake, maneno ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuandikiwa na mtu. Miaka miwili na nusu ya shimo ilikuwa imefukiwa bila yeye kunyanyua jembe. Aliirudisha mkobani. Kisha akawafikiria watoto wa Keren, hasa yule mkubwa, ambaye alimbeba mgongoni wiki mbili nzima mama yake alipokuwa na homa. Alipofika Lubumbashi alikuwa ameamua. Hatadanganya, na hatamtaja. Atasema alikuwa nyumbani akimuuguza mama mkwe, basi, na kila mtu abaki na dhambi yake. Aliona ni uamuzi mzuri. Uliuma, lakini ulikuwa mzuri.

Ijumaa, Rehema alimfunga vifungo vya suti kwa mikono yake, akamkagua mbele na nyuma.

"Sasa niambie. Miaka sita ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nachunga mugonjwa."

"Na kama wanacheka?"

"Watacheka."

"Hapana. Kama wanacheka, unawaambia wajaribu wiki moya, pamoja na matandiko."

Casimir alikuwa mlangoni. Alimwambia mkewe kwamba amependeza, na Myriam akapita.

Huko Luano walianza na mkono kabla ya mdomo. Mkuu wa maabara, mzee aliyeitwa Musonda, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja, alimpa sampuli ya shaba iliyokwisha kuyeyushwa, mrija wa kupimia na kiti. Hakusema mengi. Myriam alikataa kiti. Alisafisha mrija mara mbili, akatazama kama una povu la hewa, akaanza. Kahawia ikafifia, akatia wanga, bluu ikaja, akapunguza mwendo, tone, tone, akisikia pumzi yake mwenyewe, na rangi ikakatika. Alifanya mara tatu. Mzee Musonda alilinganisha namba zake na karatasi aliyoificha mfukoni, akaikunja tena.

"Sawa," alisema. Kwa mtu kama yule, hiyo ilikuwa hotuba.

Wakaenda ofisini. Aliyekuwa anawangoja ni Aristote, mkuu wa wafanyakazi, kijana nadhifu, mpole, mwenye faili la Myriam mbele yake. Aliuliza habari za kazi ya zamani, akaandika. Aliuliza za diploma, akaishika mkononi, akaridhika. Kisha akaweka kalamu chini.

"Madame, kuko kintu kimoja sielewe. CV yako inasema uko ku nyumba tangu elfu mbili kumi na tisa. Jana mangaribi nilipigia simu chef wa labo moya ya ku Kambove, tulisoma naye. Nikamutajia majina ya bale tunawaita leo. Anasema Myriam Umba Kabamba iko kwake, anatumika kwake, na anamusifu sana. Sasa, kama uko na kazi na unataka kuhama, useme tu. Haiko zambi."

"Hata miye nilijua," mzee Musonda aliongeza, kwa wema kabisa. "Ile mukono nimeiona. Haiko mukono ya muntu anakaa tu ku nyumba miaka sita."

Mlango ulikuwa wazi. Wao wenyewe walikuwa wameufungua, wamesimama pembeni, wanamkaribisha apite. Karatasi ilikuwa mkobani, magotini mwake, imesainiwa. Alichohitaji ni kufungua zipu na kutabasamu. Badala yake alimsikia mzee akirudia ndani ya kichwa chake: anakaa tu. Yaani hata mkono wake uliponyooka, sifa zake zilikwenda Kambove.

"Ni mukono ya ku nyumba," alisema.  "Miaka sita nilikuwa nalisha mama-mukwe wangu na sindano. Tone kwa tone, sababu hakuwa anaweza kumeza. Nilikuwa namugeuza kila saa mbili. Vidonda vyake vya mugongo havikuwahi kuoza, muulize docteur. Ule wa Kambove haiko miye. Ni mutoto wa kike wa ule mama. Miye nilifanya kazi yake, naye akafanya yangu. Kuko tofauti moya tu: miye sikukamata jina yake."

 Mzee Musonda alivua miwani, akaitazama. Aristote alipanga karatasi zake upya, ingawa zilikuwa zimepangika.

"Ninakuamini," alisema Aristote. "Lakini diploma moya haiwezi kuwa na bantu babili. Nikikuandika leo, bakaguzi ba inspection bakikuya, nitakuwa na Myriam hapa na Myriam ku Kambove. Sitaweza kukukamata ku kazi mbele ya hii mambo kusafishwa. Nitafanya rapport, na nitaandikia bale ba Kambove." Akachukua kalamu. "Jina ya kweli ya ule mwengine ni nani?"

Ndani ya mkoba simu ilianza kutetemeka. Hakuhitaji kuitazama ili ajue ni Casimir. Aliwaona watoto wawili wa Keren, na nguo zao zilizokunjwa mikono ndani, na ilimuuma, wala hatuwezi kusema haikumuuma. Jana, njiani, alikuwa ameamua atanyamaza. Lakini jana alidhani kunyamaza kutamgharimu aibu kidogo tu. Sasa aliona bei yake yenyewe: ili Keren abaki Myriam, yeye arudi kuwa mama Guelord, bibi ya Casimir, weye. Na akasikia ile sauti tamu ya chumbani kule, inayosubiri asante. Nilikuchungia muzuri.

"Keren Monga Ilunga," alisema.

Alilirudia polepole, neno moja moja, akiitazama kalamu mpaka ilipofika mwisho. Lilikuwa jina zuri. Mama Jeanne ndiye aliyelichagua, na mwenye jina hakuwa amelitumia kwa zaidi ya miaka miwili.